Kura 524 za South Dakota

Kila uchaguzi wa Marekani ukifika watu wanakesha na Pennsylvania, Georgia, Michigan, sijui Arizona, na mimi nakesha nao, ila ukiniuliza uchaguzi gani wa kule ulionifanya niwe mgonjwa wa kuhesabu kura za watu wasionihusu, sikutajii wa rais hata mmoja. Nakutajia useneta wa South Dakota, 2002 halafu 2004. Wanasiasa watatu (Tim Johnson, Tom Daschle na John Thune), chaguzi mbili, jimbo lenye ng'ombe wengi kuliko watu (na hapo sijaongeza chumvi, ng'ombe ni mamilioni wakati watu kwenye sensa ya 2000 walikuwa kama 755,000 tu), na matokeo ambayo mpaka leo yana mkono wake kwenye nani anashika usukani wa Seneti pale Washington.

Nianze na jimbo lenyewe maana bila hilo utaona majina tu yanapita. Mto Missouri unalikata jimbo katikati toka juu mpaka chini. Upande wa mashariki ndo kuna mahindi, soya, mvua ya kueleweka, na miji kama Sioux Falls na Aberdeen. Ukivuka kwenda magharibi unakuta nyasi, mifugo, milima ya Black Hills na ule mwamba wa Mount Rushmore wenye sura za marais wanne, na kuna barabara unaendesha muda mrefu bila kuona hata nyumba. Wenyewe wanaita East River na West River, na ni kama nchi mbili. Hata saa hawalingani, mashariki wako mbele kwa saa moja, hiyo saa moja iweke kichwani itakuja kufanya kazi mbele huko.

Kaunti ni 66. Kwenye baraza la wawakilishi jimbo zima lina mbunge mmoja tu, yaani hana jimbo dogo la kujifichia, anazunguka kote. Lakini kwenye Seneti wanatoa wawili, sawasawa na California yenye watu zaidi ya milioni 30. Sasa fikiria wewe ni chama, una pesa, unataka kiti cha Seneti, utaenda kumwaga pesa wapi? Kwenye jimbo ambalo tangazo la tivi ni bei rahisi na kura laki mbili zinakupa ushindi. Ndo maana huko vijijini ambako watu wanadhani hakuna siasa, siasa ikija inakuja kama mafuriko.

Halafu watu wa kule wana historia ya kushindana kwa kura za kuokoteza. George McGovern, yule aliyekuja kugombea urais 1972 akagaragazwa na Nixon, aliingia Seneti 1962 kwa tofauti ya kura 597. Mia tano na kitu, jimbo zima. 1978 kijana mmoja wa Aberdeen anaitwa Tom Daschle akaingia baraza la wawakilishi kwa kura 139 baada ya kuhesabu upya. Mia moja thelathini na tisa!

Sasa sikiliza huu mnyororo, ndo sehemu naipenda kuliko zote. 1980 McGovern alibwagwa na James Abdnor, Republican. 1986 Abdnor naye akabwagwa na Daschle, Democrat. Na ofisini kwa Abdnor kule Washington alikuwepo kijana mrefu mcheza basketi, ametokea Murdo, kamji kadogo kando ya barabara kuu, anaitwa John Thune. Walivyojuana na Abdnor ni kituko: Thune akiwa bado sekondari alicheza mechi, akapiga mipira sita ya adhabu akaingiza mitano, kesho yake yuko dukani kwenye foleni ya kulipa, mzee mmoja anamwambia nimeona umekosa mmoja. Mzee mwenyewe ndo Abdnor. Hiyo ndo siasa ya jimbo dogo, mbunge anakufahamu mpaka idadi ya mipira uliyokosa. Na kijana aliyelelewa kisiasa na Abdnor unategemea ana mawazo gani juu ya Daschle?

Ila hakuanza na Daschle. Alianza na Tim Johnson.

Johnson alikuwa Democrat mpole, mtu wa Vermillion, siyo msemaji, hana makeke. Aliingia Seneti 1996 kwa kumng'oa Larry Pressler, na mwaka ule Pressler ndo seneta pekee aliyekuwa madarakani akapigwa chini kwenye uchaguzi mkuu. Kwa hiyo usimdharau mpole. 2002 ndo kipindi chake kinaisha, na Thune, ambaye wakati huo ndo alikuwa yule mbunge mmoja wa jimbo zima, alikuwa anapigia hesabu ugavana, ugavana ambao angeuchukua kiulaini. Rais George W. Bush akamvuta pembeni akamwambia hapana, kagombee Seneti.

Kwa nini rais ahangaike na South Dakota? Kwa sababu Seneti ilikuwa inaning'inia kwenye uzi. Mwaka 2001 Jim Jeffords wa Vermont aliwakimbia Warepublican akawa huru, Wademocrat wakapata wengi kwa kiti kimoja, na kiongozi wa walio wengi akawa nani? Tom Daschle. Yaani mtu anayemkwamisha Bush kila siku anatoka South Dakota, na mwenzake wa jimbo hilohilo ndo anatetea kiti. Ikawa Johnson na Thune wako kwenye karatasi ila vita ni ya Daschle na Bush. Bush alienda kule mara kadhaa mwaka ule, jimbo ambalo kwenye kampeni za urais hakuna anayejisumbua kulikanyaga kwa sababu jibu linajulikana.

Na pesa sasa. Ile sheria ya McCain na Feingold ya kubana pesa zisizo na kikomo za vyama ilikuwa inaanza kufanya kazi Novemba 6, 2002, uchaguzi ni Novemba 5. Umeona hesabu hiyo? Ilikuwa ndo nafasi ya mwisho ya kuzimwaga, wakazimwaga kweli. Tivi tangazo, redio tangazo, simu inalia ni kampeni, ukifungua mlango kijana kasimama na karatasi. Kwa watu laki saba na nusu tu, wakiwemo watoto!

Lakini kitu kilichomwumiza Thune sidhani kama kilikuwa tangazo, kilikuwa ukame. Majira ya joto ya 2002 mvua iligoma, malisho yakakauka, wafugaji wa West River wakawa wanauza ng'ombe siyo kwa sababu bei nzuri ila kwa sababu hawana cha kuwalisha. Kwa mfugaji ukiuza majike ya kuzalisha umeuza na kesho yako. Daschle na Johnson walikuwa wanapigania msaada wa dharura wa mabilioni. Agosti 15 Bush akaja Mount Rushmore, nyuma yake zile sura nne za mawe, picha safi kabisa kwa ajili ya Thune, na kila mtu anajua rais akija mwaka wa uchaguzi haji mikono mitupu. Akaja mikono mitupu. Akasema pesa ya ukame itoke humohumo kwenye sheria ya kilimo aliyosaini mwezi Mei, haongezi mpya. Aisee. Umemleta bosi wako mpaka nyumbani kukuombea kura, mbele ya watu wanaouza mifugo kwa machozi, anawaambia bajeti haina. Thune akabaki anajieleza miezi miwili kwamba na yeye anataka msaada, na Johnson mpole anapita tu na sentensi moja, mimi niko kwenye kamati ya Seneti inayogawa pesa, nani atawapigania? Na ukimgusa kwenye uzalendo baada ya Septemba 11 anakujibu mwanangu ni askari, alikuwa Afghanistan. Unasema nini hapo.

Sasa twende Pine Ridge.

Kusini magharibi ya jimbo, mpakani na Nebraska, ndo kuna eneo walilotengewa Walakota wa Oglala. South Dakota ina maeneo tisa ya wenyeji asilia ila hili ndo jina watu wanalijua, kwa sababu humo ndimo ilipo Wounded Knee, ambapo Desemba 1890 wanajeshi wa Marekani waliua mamia ya Walakota, wanawake na watoto wakiwemo. Kaunti yake wakati ule iliitwa Shannon (2014 wananchi walipiga kura kuibadili, tangu 2015 ni Oglala Lakota), na ni moja ya kaunti maskini kuliko zote Marekani. Haikuwa hata na makao yake ya kaunti, shughuli zinafanyikia Hot Springs, kaunti ya jirani, nje kabisa ya eneo lao. Wenyeji asilia walitambuliwa wote kuwa raia wa Marekani 1924 tu, fikiria hilo, wenye ardhi ndo wanapewa uraia mwisho. Na hata baada ya hapo, watu wa Shannon walikuwa hawaruhusiwi kuwachagua maofisa wa kaunti ya jirani waliokuwa wanawatawala, mpaka mahakama ya rufaa ilipoamua kesi yao 1975. Kuna watu walikuwa hai 2002 wanakumbuka vizuri kabisa walivyokuwa wanatawaliwa na ofisi wasiyoipigia kura.

Sehemu kama hiyo kwa miaka mingi wanasiasa wanapita wanapunga mkono. 2002 Wademocrat wakafanya kitu tofauti, wakaweka ofisi, wakaajiri watu wa hukohuko, wakaandikisha wapiga kura nyumba kwa nyumba, na siku yenyewe magari yanazunguka kuchukua watu, kwa sababu kule kutoka nyumbani mpaka kituo cha kura siyo mwendo wa kutembea na wengi hawana gari. Daftari la wapiga kura likavimba. Na Johnson na Daschle siyo kwamba walienda na maneno matupu, kulikuwa na ule mradi wa maji wa Mni Wiconi, ulipitishwa na bunge 1988, wa kuvuta maji ya Missouri kwa mabomba mpaka Pine Ridge, Rosebud na Lower Brule, watu walikuwa wanayaona mabomba yanakuja kila mwaka kidogo kidogo. Maji hayana propaganda, yametoka au hayajatoka.

Daftari likivimba kelele lazima. Oktoba zikaibuka tuhuma kwamba kuna fomu za kughushi, wapelelezi wakaingia, mtu mmoja aliyekuwa anafanya kazi ya kuandikisha kwa mkataba wa Wademocrat akashtakiwa, na mashtaka yakaja kufutwa baadaye. Baada ya uchaguzi Warepublican wakakusanya viapo vya watu wakidai kura zilinunuliwa kule kwenye maeneo ya wenyeji. Mwanasheria mkuu wa jimbo, Mark Barnett, ambaye mwenyewe ni Republican, akavipitia, na yale madai mazito hayakusimama. Nasema hivi kwa sababu mpaka leo utakutana na mtu anakwambia uchaguzi ule uliibiwa Pine Ridge, na huwa najiuliza mbona kaunti za wazungu zilizompa Thune kura nyingi hakuna aliyeenda kuzichambua fomu moja moja.

Haya, usiku wa matokeo. Ile saa moja ya tofauti si unaikumbuka. Vituo vinafungwa saa moja jioni kwa saa za mahali, kwa hiyo West River wanafunga wakati East River wameshaanza kuhesabu, na Pine Ridge iko West River, mbali, kura zinasafirishwa. Thune akaongoza sehemu kubwa ya usiku. Watu wakaenda kulala wakijua wana seneta mpya. Alfajiri matokeo ya Shannon yanaingia, Johnson kachukua kama asilimia 92, na ile kaunti moja ikaupindua usiku mzima.

Johnson 167,481. Thune 166,957. Tofauti 524.

Na kuna kichekesho kingine hapo kinaniuma kwa niaba ya Thune ingawa simshabikii. Kulikuwa na mgombea wa tatu, Kurt Evans wa chama cha Libertarian. Huyu jamaa wiki chache kabla alishajitoa, akasema wafuasi wangu mpeni Thune. Ila karatasi za kura zilishachapwa, jina likabaki, na watu zaidi ya 3,000 wakampigia mtu aliyejitoa! Elfu tatu, wakati wewe unahitaji 525. Wengine hawakusikia, wengine walisikia wakagoma, huwezi jua.

Thune alikuwa na haki ya kudai zihesabiwe upya, tofauti ndogo hivyo sheria inaruhusu, na kulikuwa na watu kibao wanamsukuma adai, aende mahakamani, awashe moto. Akatafakari siku kadhaa akakubali. Asiyekubali kushindwa si mshindani, tunasema hivyo kila siku ila wanaoitekeleza ni wa kuhesabu kwa vidole. Mimi naamini ile wiki ndo ilimjenga. Angelia lia kuhusu Pine Ridge angekuwa mwanasiasa wa kulalamika, akaondoka kama mtu mwenye adabu, na jimbo dogo lina kumbukumbu ndefu ya adabu. Chama chake ndo hakikuacha, mwaka uliofuata bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuonyesha kitambulisho chenye picha ndo upige kura, au kama huna usaini kiapo. Nani hana kitambulisho chenye picha kirahisi? Jibu unalo.

Kitaifa ushindi wa Johnson haukumsaidia Daschle kubaki na Seneti, Wademocrat walipoteza kwingine, akarudi kuwa kiongozi wa walio wachache. Na mwaka 2004 zamu yake ya kugombea ikafika, mbele yake kasimama nani? Kijana wa Abdnor.

(Katikati hapo jimbo lilipata mkasa mwingine, Bill Janklow, gavana wa miaka mingi aliyekuwa amerithi kiti cha Thune, alipitiliza alama ya kusimama Agosti 2003 akagongana na mwendesha pikipiki, yule wa pikipiki akafa, Janklow akatiwa hatiani, akajiuzulu, na uchaguzi mdogo wa Juni 2004 akashinda Democrat, Stephanie Herseth, kwa kura kama 3,000. Jimbo la Bush hilo. Walikuwa wanachanganya vyama bila aibu.)

Daschle siyo Johnson. Huyu alikuwa mkubwa, mtu aliyetumiwa barua yenye vimelea vya kimeta ofisini 2001, anaonekana kwenye tivi ya taifa kila jumapili. Sifa yake nyumbani ilikuwa kwamba kila mwaka anachukua gari anaendesha mwenyewe, bila ratiba, kaunti zote 66, anasimama kwenye vigahawa anaongea na watu. Alijua wakulima wa mahindi ya etanoli, yale ya kutengenezea mafuta ya gari, kwa majina. Ila ukishakuwa kiongozi wa chama Washington kazi yako ni kumzuia rais, majaji wake, bajeti yake, halafu ijumaa unapanda ndege unarudi kwa watu wanaompenda rais huyohuyo. Huwezi kutumikia mabwana wawili. Hali ilikuwa ngumu mpaka Daschle, kiongozi wa upinzani, akaweka tangazo la tivi lenye picha ya Bush anamkumbatia, ile ya bungeni baada ya Septemba 11. Mimi nikiona mgombea anajitangaza na kumbatio la mtu anayempinga najua maji yamefika shingoni.

Thune naye hakulala. Alimpiga palepale kwenye jina lake: huyu siyo wetu tena, ana nyumba ya karibu dola milioni mbili Washington, na kwenye karatasi za kodi ya nyumba hiyo alisaini kwamba ndo makazi yake makuu. Mkewe alikuwa mshawishi wa makampuni pale pale Washington. Sasa waambie hayo wafugaji. Halafu Bill Frist, kiongozi wa Warepublican kwenye Seneti, akafunga safari mpaka South Dakota kumpigia debe Thune, jambo ambalo viongozi wa Seneti walikuwa hawafanyiani, unashindana na mwenzio ukumbini ila huendi kumfukuza nyumbani kwake. Mwiko ukavunjwa. Pesa safari hii zilivuka dola milioni 30 kwa wagombea wawili tu, gawa kwa kura 391,000 zilizopigwa, ni zaidi ya dola 75 kwa kila kura. Wangewapelekea kwa bahasha ingekuwa haraka zaidi.

Siku ya mwisho kabla ya kupiga kura ikatokea jambo la Lake Andes, kaunti ya Charles Mix, kwenye eneo la Wayankton, kabila jingine la wenyeji asilia. Wapambe wa Republican walikuwa wanawafuata wenyeji asilia waliokuja kupiga kura za mapema, wanatoka nao nje, wanaandika namba za magari yao. Yaani umetoka kupiga kura yako, mtu usiyemjua na daftari anakodolea pleti ya gari yako, unasikia nini moyoni? Daschle akakimbilia mahakama ya shirikisho, na usiku wa kuamkia uchaguzi jaji Lawrence Piersol akapiga marufuku, hakuna kuwafuata watu, hakuna kuandika namba. Kesi iliitwa kabisa Daschle dhidi ya Thune, wagombea wawili kortini saa chache kabla ya vituo kufunguliwa.

Pine Ridge wakamwagia Daschle kura kwa kishindo kama walivyomfanyia Johnson. Haikutosha. Thune 197,848, Daschle 193,340. Tofauti 4,508. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 1952, mwaka Barry Goldwater alipomwangusha Ernest McFarland kule Arizona, kwa kiongozi wa chama kwenye Seneti kupigwa chini na watu wake mwenyewe.

Watu wengi wanaeleza anguko la Daschle kwa ile nyumba, au kwa Frist, au kwa majaji. Mimi naona vyote hivyo ni pilipili tu, chakula chenyewe kilikuwa kalenda. 2002 hakukuwa na rais kwenye karatasi. Waliojitokeza walikuwa kama 337,000, na swali kichwani mwao lilikuwa nani atatuletea pesa ya ukame. 2004 wakaongezeka watu zaidi ya 50,000, wengi wamekuja kumpigia Bush, na Bush akachukua asilimia 60 ya jimbo, mpinzani wake John Kerry, Democrat, 38. Daschle alipata 49.4. Yaani huyu mtu aliogelea mbele ya mgombea wake wa urais kwa pointi 11 na bado akazama. Maelfu kwa maelfu ya watu waliweka Bush juu na Daschle chini kwenye karatasi hiyohiyo, hiyo ni heshima kubwa mno kwa mwanasiasa, ila kutoka 38 ya Kerry mpaka nusu ya kura ni karibu pointi 12, na 11 hazitoshi. Johnson angekuwa na zamu 2004 badala ya 2002 na yeye angeenda na maji, upole wake na mwanawe askari na kila kitu.

Na zile kura 524, unaweza kusema zilikuwa bure maana Seneti ilipotea vilevile. Subiri. Uchaguzi wa Novemba 2006 Wademocrat wakarudisha Seneti kwa 51 dhidi ya 49. Desemba 13, kabla hata hawajaapishwa, Tim Johnson akiwa anaongea na waandishi wa habari wa nyumbani kwa simu maneno yakaanza kumponyoka, mshipa wa damu kichwani umepasuka. Amelazwa, na Marekani nzima inapiga hesabu ya kikatili, maana akifa au akijiuzulu gavana wa South Dakota ndo anateua mrithi, gavana ni Mike Rounds, Republican, inakuwa 50 kwa 50 na makamu wa rais Dick Cheney ndo anavunja sare. Seneti yote ya Marekani imelala kwenye kitanda kimoja cha hospitali. Johnson hakufa, hakujiuzulu, akafanya mazoezi ya kuongea miezi na miezi, Septemba 2007 akarudi ukumbini. Muda wote huo Wademocrat waliongoza Seneti kwa kiti ambacho Thune alikikosa kwa kura 524. Ukiniambia kura moja ya kijijini haina uzito nitakupeleka kwanza Pine Ridge.

2008 Johnson, bado anaongea kwa taabu, wakamchagua tena kwa asilimia 62 hivi. Tangu mwaka ule hakuna Democrat mwingine aliyeshinda uchaguzi wa jimbo zima South Dakota. Herseth alitolewa 2010 na Kristi Noem, na mwaka huohuo Thune alipita bila kupingwa, Wademocrat hawakusimamisha hata mtu wa kusindikiza. Johnson alistaafu, kiti akachukua Rounds yuleyule. Johnson amefariki Oktoba 2024, na mwezi uliofuata maseneta wa Republican wakapiga kura ya siri, Thune akamshinda John Cornyn 29 kwa 24, akawa kiongozi wa walio wengi. Kiti cha Daschle kabisa. Na yeye sasa ndo anayeishi na shida ya Daschle kwa upande wa pili, rais wa chama chake mwenyewe anapiga simu.

Ninachokosa mimi ni zile karatasi za kuchanganya. Oglala Lakota bado wanapiga Democrat kwa wingi mkubwa ila tofauti ya jimbo imekuwa kubwa mno kwao kuigeuza, na nani ataenda kufungua ofisi na kukodi magari ya kubeba wapiga kura mahali ambapo hawawezi kubadili mshindi? Ukitaka kuona kitu kinachofanana na 2002 siku hizi vuka mpaka wa kusini uingie Nebraska. 2024 fundi mitambo mmoja, Dan Osborn, aliyeongoza mgomo wa kiwanda cha Kellogg's pale Omaha 2021, aligombea Seneti bila chama, Wademocrat wakakaa pembeni, akamtoa jasho Deb Fischer mpaka chama chake kikalazimika kuleta pesa za haraka kumwokoa. Alishindwa kwa pointi kama 7 kwenye jimbo ambalo Trump alishinda kwa kama 20. Ametangaza anarudi 2026, safari hii dhidi ya Pete Ricketts, tajiri, gavana wa zamani. Mwaka wa kati, hakuna rais kwenye karatasi. Kalenda yangu nimeshaiwekea alama.